Mkanda wa Upande wa Dereva

12 Februari

Kitindamimba wangu,

Pokea salamu zangu zikiwa bado za moto. Mimi sijambo, mgongo tu ndio unanikumbusha umri kila nikiinuka. Ghalani kazi ipo, mahindi yameingia kwa fujo na sisi washonaji wa magunia tunashona mpaka vidole vinakataa kukunjika. Shemeji yako hajambo. Mjukuu wangu hajambo, ameng'oka jino la mbele na sasa akisema "bibi" mate yote yananirukia usoni. Anasema umletee mpira, siyo wa matambara, wa kweli.

Sasa mwanangu, kuna jambo nimelisikia. Mwenye duka kaniambia ulipiga simu nikiwa kazini, ukasema niambiwe umenunua gari. Nikamuuliza gari gani. Akasema la Kijapani, steshen wagoni, lile refu nyuma, na lina tabo, maana yake linakimbia kuliko mengine. Aliposema tabo nilijikuta nimekaa juu ya gunia lake la sukari, akanifokea nisimpasulie.

Katika magari yote ya duniani, mwanangu, ukaliona hilo tu?

Unajua kaka yako Msumari alituachia mkewe na mtoto hapa, akaondoka na gari la namna hiyo hiyo. Alisema anakwenda kubeba abiria ng'ambo ya mto mkubwa, atarudi mvua zikikatika. Mvua zimekatika, zimerudi, zimekatika tena. Barua hakuna, simu hakuna, hata mtu wa kusema nimemwona kwa mbali hakuna. Watu hapa wanasema ana mke mwingine huko. Mimi nawaacha waseme, maana mwenye mke mwingine ni mtu aliye hai, mzima wa afya.

Sikukatazi. Umefanya kazi, umejinunulia, hongera. Ila niambie lilikuwa la nani. Niambie breki umezikagua kwa mkono wako au umeambiwa tu. Na mkanda wa dereva, unafunga? Usinijibu kwa simu, pale dukani nikisema haloo foleni nzima inaitika haloo. Andika.

Mimi mama yako.


9 Machi

Mama yangu,

Shikamoo, na pole na mgongo. Hapa gereji mimi bado ni mpiga rangi, vumbi la msasa linaingia mpaka kwenye chai. Fundi Mkuu anasema nikifa wasinizike, wanipige polishi waniweke mlangoni kama tangazo. Nacheka. Nipo vizuri. Mwambie mtoto mpira umeshanunuliwa, unasubiri mtu wa kuubeba.

Gari nimelipata kwa wauza magari chakavu. Halikuwa na hali, mama. Kwanza ni gari lililoogelea. Taa za mbele zina mstari wa maji kwa ndani, kama kikombe cha chai kilichoachwa siku nyingi. Nilipoinua kapeti ya buti nikakuta udongo umekauka chini ya tairi la spea, umepasukapasuka kama kisigino. Milango ukiifungua inalia. Ndiyo maana watu hawalitaki. Lakini injini niliifungua, nikaisafisha, nikamwaga mafuta yote machafu na kuweka mapya, na siku ilipowaka hata Fundi Mkuu aliacha kula. Ile tabo inapiga mluzi mwembamba, kama mtu anayemwita mwenzake bila kutaka wengine wasikie. Juu ya boneti lina pua ya kuvutia hewa. Zuri, mama, ukiliacha lijikaushe.

Viti vyote nimevitoa nje na kuvisugua kwa sabuni na maji ya moto, harufu ya bwawa haitoki. Ninyi ghalani gunia likilowa mnafanyaje?

Breki nimekagua kwa mkono wangu. Aliyekuwa nalo lazima alikuwa twiga: nilipokaa kwa dereva miguu yangu ilielea, pedali ziko mbali kule. Nikatazama chini nikakuta kiti kimetobolewa matundu ya ziada kwenye reli ili kirudi nyuma zaidi. Na mkanda wa dereva, ulivyouliza, ni mbovu. Umekatwa kwa kisu, upande wa juu. Kipande kilichobaki chini bado kimeshikamana na kufuli lake, kimeshonewa hapo hapo kwa uzi mnene. Mshono mzima hata haujalegea, utafikiri mdomo wa gunia. Sijui nani alifanya kituko hicho. Nimekifungua boliti, pamoja na kufuli lake, na kukitia kwenye buti, nitatafuta mkanda mwingine.

Kuhusu Kaka, sina jipya.

Mwanao.


30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mwenyewe, neno kwa neno na kidole chini yake, sikumpa shemeji yako anisomee kama siku zote. Tupo wazima. Shemeji yako mama yake anamtaka arudi kwao, anasema binti yake hawezi kukaa kwa watu akiwa si mke wala mjane. Mimi nilimjibu vibaya yule mama. Nilisema binti yake hana subira. Basi hatuongei sana humu ndani, tunapishana jikoni kama wapangaji.

Gunia likilowa usilimwagie maji ya moto, harufu inaingia ndani inajificha. Lianike, kisha lijaze mkaa mkavu ulale nalo. Na viti fanya hivyo, weka mkaa chini ya kila kiti na ufunge milango, mkaa unavuta kila kitu.

Sasa nakuomba unijibu bila kuzungukazunguka.

Kaka yako alipolinunua gari lake wewe ulikuwa umeshaondoka, hukuliona ila kwenye ile picha aliyokutumia, ameegemea boneti kama waziri. Kuna mambo hayakuonekana kwenye picha. Kiti cha dereva kilikuwa kinambana magoti, unajua urefu wake, akampelekea mchomeleaji akamtobolea reli. Na kufuli la mkanda lilikuwa bovu, linaachia lenyewe. Akawa anaendesha mkanda unaning'inia tu. Nilimwambia, mwanangu funga mkanda. "Haufungi, mama." Nikamwambia, badilisha. "Nikipata, mama." Kila akiwasha lile dude na ule mluzi wake mimi moyo wangu unatoka nao mpaka barabarani.

Basi asubuhi moja yeye hajaamka nikachukua shazia, ile sindano yangu kubwa ya magunia, na uzi wa katani nikaupaka nta, nikaingia garini. Nikaushona mkanda kwenye kufuli lake, ulimi na kufuli vikawa kitu kimoja, usiweze kuachia tena maisha. Nikamwonyesha auvae kama mkoba: anaingiza kichwa, anapitisha mkono, anajinyoosha, tayari. Alicheka mpaka akashika mlango. "Mama, umenishona kama gunia la mahindi!" Lakini aliuvaa. Siku ya kuondoka aliuvaa mbele yangu na mimi mwenyewe niliuvuta nikaona umemkaa sawasawa. Aliniahidi hatauvua mpaka afike.

Kitindamimba, nenda kwenye buti ukitazame hicho kipande. Ghalani kila mshonaji ana fundo lake, gunia likipasuka njiani wajue nani wa kumkata mshahara. Langu ni mafundo mawili yamekaa mgongo kwa mgongo, na ncha ya uzi nairudisha ndani isionekane. Tazama. Halafu kwangua rangi mahali pasipoonekana, uniambie chini yake kuna rangi gani.

Usinifiche. Wewe tangu mdogo ukificha kitu unaanza kuchekesha watu, na barua yako ilinichekesha.

Mama.


27 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua hii isome ukiwa peke yako na ukiwa umekaa.

Mafundo ni mawili, mgongo kwa mgongo. Ncha imerudishwa ndani. Chini ya rangi nyeupe kuna bluu ya giza.

Nilijua mama. Siyo habari ya mkanda, hiyo sikuijua, laiti ningeijua nisingekuandikia kabisa. Lakini gari nililijua. Tangu Kaka apotee, kila steshen wagoni yenye pua juu ya boneti nimekuwa nikiifuata. Nimesimamisha watu barabarani wakanidhani jambazi. Nimezunguka yadi zote za magari chakavu mpaka walinzi wakaniita mkaguzi. Siku nilipoliona hili lilikuwa limelala kwenye majani, limepakwa rangi nyeupe ya haraka, rangi ya mtu mwenye jambo la kuficha. Kazi yangu ni rangi mama, najua mkono wa fundi na mkono wa muongo. Nilipokaa ndani na miguu ikaelea, nilikaa muda mrefu. Yule muuzaji akaja kugonga kioo akidhani nimelala.

Sikukuambia kwa sababu kupata gari siyo kumpata mtu. Nilitaka nilisafishe kwanza, liweze kutembea, halafu niende nalo lilikotoka. Muuzaji alilinunua kwa mtu mwingine, na huyo mwingine alilitoa kwenye mji mdogo kando ya mto mkubwa, karibu na daraja. Hajui zaidi, au hataki kujua.

Ninamalizia shokapu na rejeta. Mkaa umefanya kazi, harufu imekwisha. Fundi Mkuu amenipa ruhusa mwezi ujao. Nitakwenda.

Usimwambie shemeji bado. Tafadhali mama.

Mwanao.


14 Mei

Mwanangu, mwanangu, mwanangu,

Hatujambo, hatujambo kabisa! Nimemwambia shemeji yako. Najua ulisema nisimwambie, nilikaa nalo siku mbili likanishinda. Alikuwa ameshafunga begi lake la kwenda kwao. Alilifungua. Alitoa nguo moja moja akazirudisha kwenye kamba, na jioni tulikula sahani moja, jambo ambalo hatujafanya tangu sikumbuki lini.

Sikiliza nilivyowaza, nimewaza nikiwa nashona, sindano inakwenda na akili inakwenda. Gari liliingia majini, sawa. Sikatai, umeona udongo mwenyewe. Lakini mkanda ulikatwa. Mkanda haujikati. Kuna mtu alikuja na kisu akaukata, na mtu haji na kisu majini kwa ajili ya gari, anakuja kwa ajili ya mtu. Maana yake walimtoa! Walimtoa mwanangu. Labda aliumia kichwa, akasahau kwao. Watu hupoteza kumbukumbu, hapa kuna mzee wa mashine ya kusaga alianguka ngazi akamwita mke wake dada mwezi mzima. Labda yuko hospitali fulani, wanamwita jina ambalo si lake, na yeye anaitika kwa adabu tu.

Na mkanda wangu ulimshika. Usingemshika angerushwa nje kupitia kioo. Walinicheka pale ghalani nilipowasimulia kwamba nimeshona gari. Sasa nitawaambia.

Nimefua mashati yake yote matatu na kuyapiga pasi. Moja limeliwa na mende kwenye kola, nimelitia kiraka kidogo, hatakiona. Ukimpata usimfokee. Mwambie mama hajakasirika. Mwambie mtoto wake ameng'oka jino.

Uendeshe polepole. Mkanda mpya ufunge.

Mama yako mwenye furaha.


20 Julai

Mwanangu,

Nakusalimu. Huku ni baridi. Mjukuu alikuwa na kikohozi, amepona. Ghalani kumepoa, wengine wamepunguzwa, mimi bado wananitaka.

Ulisema mwezi ujao. Huo mwezi umepita na mwingine nyuma yake. Barua yangu ya furaha hukuijibu. Nilikwenda dukani nikapiga simu gereji, aliyepokea akasema umerudi kutoka safari siku nyingi, akaenda kukuita. Nikasubiri. Akarudi akasema hupo. Mwanangu, nilisikia mtu anapiga msasa kule nyuma, msasa ukanyamaza alipokuita. Halafu ukaanza tena.

Shemeji yako haniulizi. Asubuhi anatazama mikono yangu kama nimeshika bahasha, basi.

Niandikie hata mstari. Mtu akinyamaza mimi ndiye ninayemjazia maneno, na maneno yangu mimi ni mabaya kuliko yako.

Mama.


2 Septemba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Siku ile ya simu nilikuwepo. Barua hii nimeianza mara nyingi, na nyingine zote nimezichana.

Kaka amefariki, mama. Alifariki msimu ule ule alioondoka, kabla hajafika ng'ambo.

Nilikwenda mpaka darajani. Daraja lile ni la chini, na mto ukijaa unapita juu yake, huoni ukingo. Chini kidogo kuna wachimba mchanga, wanaishi hapo hapo kwenye vibanda. Nilipofika na gari walisimama wote na makoleo yao. Walilijua kabla hawajanijua mimi. Mzee wao akaja, akaweka kiganja kwenye ile pua ya boneti, akasema, "Hili tulilitoa sisi."

Alisema maji yalikuwa juu, wakaona taa zinawaka chini ya maji, zote mbili, zinaelekea juu. Wakapiga mbizi kwa zamu. Walimtoa, mama. Hapo uliwaza sawa, walimtoa. Lakini alikuwa ameshakwenda. Karatasi zake zilikuwa uji mtupu, hazisomeki, na barabara ilikuwa imekatika, hakuna wa kumpelekea. Wakamzika mtelemkoni, juu, mahali maji hayafiki. Walimwogesha kwanza. Yule mzee alisema alikuwa mrefu, walichimba, wakampima, wakarudi kuchimba tena. Kichwani pake waliweka kifuniko cha gurudumu la gari ili pasipotee. Kipo mpaka leo. Nilikipangusa. Gari lilibaki mtoni mpaka maji yalipopungua, wakaja watu wa vyuma wakalivuta, na wachimba mchanga hawakuulizwa kitu.

Jambo jingine. Niliwauliza sana, na wote wamesema neno moja. Kaka hakuwa amevaa mkanda siku ile. Aliuvua njiani. Aligonga kichwa kwenye usukani, hakusikia maji wala chochote, ilikuwa kama kuzima taa. Mkanda ulikuja kukatwa baadaye, na hao watu wa vyuma waliokuwa wanachomoa vitu. Kwa hiyo mkanda hauhusiki kabisa mama. Nakuambia tena ili uwe na amani, mkanda hauhusiki.

Niliporudi gereji gari lilikuwa limenikalia moyoni, nikawa silali, nalifanyia kazi tu. Rangi nyeupe nimeikwangua yote. Nimelipiga bluu yake ya mwanzo, nimeichanganya mwenyewe. Taa nimezifungua na kuusafisha ule mstari wa maji. Mikanda yote ni mipya. Fundi Mkuu alilizunguka akasema limekuwa kama limetoka kiwandani, kuna mtu kaja anataka kulinunua. Sijamjibu. Niambie wewe nifanye nini nalo. Sema liondoke, litaondoka kesho.

Pole mama. Pole sana. Mpe pole shemeji.

Mwanao uliyebaki naye.


25 Septemba

Mwanangu niliyebaki naye,

Marahaba. Barua imefika. Tuko hai.

Shemeji yako alipiga kelele moja tu, kisha akakaa chini sakafuni akawa anakunja yale mashati. Alikunja, akakunjua, akakunja. Majirani walikuja, tulikaa siku zetu. Nikamwambia mbele ya mama yake kwamba nilikosea kumwita asiye na subira, kwamba amesubiri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Sasa amekwenda kwao na mtoto. Watakuwa wanakuja. Shati la kiraka amelichukua. Nyumba ina sauti ya saa tu.

Wale wachimba mchanga, nawaombea kila asubuhi. Walimwogesha. Walichimba mara mbili kwa urefu wake. Nitawashonea magunia ya mchanga, magunia mazuri, uyapeleke.

Mwanangu, sikukuuliza habari za mkanda. Barua yangu ya mwisho haina neno hilo, wala ya kabla yake haikuuliza, nilikuwa najisifu tu. Wewe umeniambia mara mbili kwenye ukurasa mmoja.

Barua zako ninazo zote chini ya godoro. Ya Machi nimeirudia, ya wakati hujajua nani alishona. Uliandika umekatwa kwa kisu upande wa juu na mshono ni mzima. Watu wa vyuma wangechukua redio, wangechukua viti. Hakuna mwizi wa nusu mkanda. Na Msumari aliniahidi hatauvua mpaka afike. Yule alikuwa na makosa yake, mbio, madeni, kuchelewa, lakini ahadi aliyonipa mimi hakuwahi kuivunja. Unajua hivyo na wewe.

Jumapili nilichukua utepe mgumu wa ghalani, nikaushona kwenye kiti cha jikoni kwa shazia ile ile, kipimo kile kile. Nikakaa. Nikaingiza kichwa, nikapitisha mkono, nikajinyoosha kama nilivyomfundisha. Halafu nikajiambia, sasa toka, haraka, toka. Kuingia ni rahisi. Kutoka inabidi ujikunje, uinue mkono juu, uutoe polepole kwa akili iliyotulia, na mimi ni mfupi, na jikoni kwangu hakuna maji. Nilivuta. Kadiri nilivyovuta ndivyo utepe ulivyozidi kunibana. Kiti kikaanguka nami. Jirani alinisikia, akaja na kisu cha vitunguu akaukata, upande wa juu. Mshono ulibaki mzima. Nikautazama pale chini. Mshono wangu haujawahi kulegea, mwanangu, ghalani wote wanajua.

Sitaki uniandikie kunikatalia. Wewe ni mtoto mwema, ulikaa na jambo hili miezi yote peke yako ukipiga msasa ili lisinifikie. Limenifika. Tuache hapo, tusilitaje tena kwa kalamu.

Ghalani nimeomba nihamishiwe kufagia. Msimamizi aliniuliza kama ni macho. Nikasema ndiyo, ni macho.

Gari usiliuze. Nilidhani nitasema liondoke, na kalamu ilikuwa tayari. Lakini ndicho kitu cha mwisho alichokishika, na wewe umelirudishia rangi yake. Njoo nalo. Njoo unichukue unipeleke kwenye ule mtelemko, nikiondoe kile kifuniko cha gurudumu nimwekee kitu chenye jina lake. Usiogope ule mluzi, nitauvumilia.

Nitakaa mbele, pembeni yako. Najua nitataka kukwambia polepole, polepole, njia nzima, nivumilie na wewe. Ila kabla hatujaondoka hapa mlangoni, zima kwanza injini. Nifunge huo mkanda mpya. Halafu unifundishe kuufungua. Usiniambie tu bonyeza hapa ukawasha gari ukaenda. Nishike kidole ukiweke mahali pake, nifungue, unifunge tena, nifungue, mpaka niweze nikiwa nimefumba macho.

Mama yako.